Kabla ya Kumpigia Kura Mbunge Aliyeteuliwa: Ushauri Kutoka Chicago

Kura yangu ya kwanza nikiwa raia wa Marekani nilimpa mtu ambaye hakuwa amewahi kuchaguliwa na mwananchi hata mmoja, na sikulijua jambo hilo mpaka uchaguzi ulipokwisha. Kipeperushi chake kilikuja kwa posta, karatasi nene inayong'aa, kikituomba wakazi wa kusini mwa Chicago tumrudishe Springfield, makao makuu ya Illinois, akaendeleze kazi aliyoianza. Neno "tumrudishe" ndilo lililonipoteza. Kwa mazoea niliyokuja nayo kutoka Muheza, mbunge anayeomba kurudishwa ni yule ambaye wananchi walimpeleka mara ya kwanza, wakamwona akifanya kazi au akisinzia, na sasa wanaulizwa kama wameridhika. Jirani yangu, mzee aliyestaafu udereva wa mabasi ya jiji, ndiye aliyenifumbua macho asubuhi moja tulipokuwa tukizoa theluji mbele ya nyumba zetu: bwana yule alikuwa amekikalia kiti kile miezi saba tu, na aliwekwa pale na kikao cha watu wa chama wasiofika kumi.

Sisemi kwamba alikuwa mbunge mbaya. Baadaye niliifuatilia kazi yake, na nyingine niliipenda. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliisoma rekodi yake ya uchaguzi kana kwamba niko Tanga. Tangu siku hiyo nimezunguka na fomu za wadhamini misimu mitatu, nimehudhuria kikao kimoja cha kumteua mrithi wa kiti kilichoachwa wazi, na nimekuwa mtu anayepigiwa simu na wenzake kila uchaguzi unapokaribia. Wengi wanaonipigia ni ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliofika hapa kama wakimbizi, wakakaa mitaa ya kaskazini kama Rogers Park, na sasa wamepata uraia. Wanachouliza ni kimoja: huyu tunayeambiwa tumrudishe, tumpime kwa kitu gani? Ninayoyaandika hapa ndiyo majibu ninayowapa, ila kwa kirefu zaidi kuliko ninavyoweza kueleza kwenye simu.

Nianze na neno "jimbo", kwa sababu limeshachanganya watu wengi. Tanzania jimbo ni eneo analowakilisha mbunge. Waswahili tulioko Marekani tumezoea kuliita jimbo lile eneo kubwa lenye gavana na katiba yake, kama Illinois. Nitafuata mazoea ya hapa, na eneo la mbunge nitaliita wilaya. Illinois ina wilaya 59 za Seneti, na kila moja imegawanywa mara mbili, ndipo zikapatikana wilaya 118 za Baraza la Wawakilishi. Watu hawa si wale wanaokaa Washington. Ni watunga sheria wa jimbo, wanaopitisha fedha za shule, sheria za jinai na leseni za kazi, na kwa mgeni anayeanza maisha maamuzi yao humfikia mapema kuliko hotuba za Washington.

Sasa tuje kwenye pengo lenyewe. Nyumbani, mbunge wa jimbo akifariki au akijiuzulu, kwa kawaida hutangazwa uchaguzi mdogo, na vumbi lake kila mtu analijua. Wanaoingia bungeni kwa njia nyingine, yaani wabunge wa viti maalumu na wale wasiozidi kumi ambao Rais anaruhusiwa kuwateua, hutajwa kwa majina hayo hayo, kiasi kwamba hakuna anayewadhania kuwa wabunge wa majimbo. Illinois haina msamiati wa kuwatofautisha. Katiba yake ya mwaka 1970 inaagiza kwamba kiti kilichoachwa wazi kijazwe kwa uteuzi ndani ya siku 30, na kwamba mteuliwa awe wa chama kilekile cha aliyeondoka. Ikiwa kiti ni cha Seneti na muda uliobaki unazidi miezi 28, mteuliwa hukaa mpaka uchaguzi mkuu unaofuata, ambapo wananchi humchagua wa kumalizia muhula. Vinginevyo humaliza muda wote uliobaki. Akishaapishwa huitwa seneta au mwakilishi kama mwingine yeyote, na kipeperushi chake hakidaiwi kusema zaidi ya hapo. Takriban nusu ya majimbo ya Marekani hufanya uchaguzi mdogo kama sisi, na Minnesota, ambako Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia bunge la jimbo mwaka 2024, ni mojawapo. Mwenye ndugu Minneapolis asimpelekee ushauri huu kabla ya kuangalia sheria ya huko.

Jambo ambalo wageni wengi hushindwa kuliamini ni nani hasa anayeteua. Si gavana, wala si bunge. Kwetu Chicago ni wajumbe wa kamati ya chama wa kata na vitongoji vilivyomo ndani ya wilaya ile, na kura zao hazilingani uzito. Kila mjumbe hupiga kura yenye uzito unaotokana na wapiga kura wa sehemu ya wilaya iliyo upande wake, hivyo mjumbe mwenye kata kubwa anaweza kuwazidi wenzake wote wakijumlishwa. Mfano uliozungumzwa sana ni wa Februari 2021. Michael Madigan, aliyekuwa bungeni tangu mwaka 1971 na aliyeliongoza Baraza la Wawakilishi kama spika kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, alijiuzulu kiti chake cha wilaya ya 22. Yeye mwenyewe, akiwa mjumbe wa chama wa kata ya 13, alishika asilimia 56 ya uzito wa kura za kumchagua mrithi wake. Rudia kuisoma sentensi hiyo, kwa sababu mimi niliposikia mara ya kwanza nilidhani Kiingereza changu kimenipiga chenga: aliyeondoka ndiye aliyekuwa na kura nyingi za kumweka anayeingia.

Aliyeteuliwa, tarehe 21 Februari, alikuwa Edward Guerra Kodatt, kijana wa miaka 26. Siku tatu baadaye alijiuzulu, baada ya Madigan na diwani wa kata ile kumtaka aondoke kwa madai juu ya mwenendo wake, madai ambayo hawakuyafafanua hadharani. Tarehe 25 wajumbe walikutana tena wakamteua Angelica Guerrero-Cuellar. Kwa hiyo katika wiki moja wilaya ile ilikuwa na wawakilishi watatu, na hakuna mkazi aliyeitwa kituoni. Sheria ya wakati ule ilimhesabia mbunge mshahara wa mwezi mzima hata akitumikia siku chache, zaidi ya dola 5,700, na ndilo lililowaudhi watu wa mitaani kuliko yote, ingawa kwangu hesabu ya asilimia 56 ni nzito zaidi. Ukiifungua rekodi ya uchaguzi ya kijana yule utaikuta tupu: hakushinda, hakushindwa, hakugombea. Mbunge wa siku tatu ni kioja, lakini anasaidia kuonyesha wazi kitu ambacho kwa wengine hufichika, kwamba kukalia kiti na kuchaguliwa ni mambo mawili tofauti.

Ndiyo maana ninapoulizwa nianzie wapi, husema: tafuta tarehe ya kuapishwa kwake kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Wabunge wa Illinois wanaoingia kwa kura huapishwa Jumatano ya pili ya Januari, baada ya uchaguzi wa Novemba. Ukikuta mtu ameapishwa Machi, Julai au Septemba, umeshajua kwamba aliteuliwa, hata kama maelezo yake rasmi yanaliruka jambo hilo. Walioteuliwa Januari ndio wanaohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu tarehe yao inafanana na ya wenzao. Ukishajua aliyemtangulia aliondoka lini na kwa nini, nusu ya kazi umeimaliza.

Nimelifanya zoezi hili kwa kiti kimoja ambacho kila mtu wa Afrika Mashariki ana habari nacho bila kujua. Ni kiti cha Seneti cha wilaya ya 13, kusini mwa Chicago, kule Hyde Park na South Shore, ingawa mipaka yake imechorwa upya zaidi ya mara moja. Barack Obama alianzia siasa pale. Kogelo, kwao baba yake, watoto wanazijua kura za mwaka 2008, ila hicho kiti cha kwanza hakizungumzwi sana. Richard Newhouse alikikalia tangu miaka ya sitini mpaka mwaka 1991 alipoondoka akiwa mgonjwa. Akateuliwa Alice Palmer. Obama akakipata kwa uchaguzi wa mwaka 1996. Alipochaguliwa kwenda Seneti ya Marekani mwaka 2004, akateuliwa Kwame Raoul, mtoto wa wazazi waliotoka Haiti. Raoul alipochaguliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois, akateuliwa Robert Peters, Januari 2019. Hesabu mwenyewe: kati ya watu wanne waliomfuata Newhouse, watatu waliingia kwa kikao cha wajumbe, na wa nne, ambaye ndiye pekee aliyeingia kwa karatasi ya kura, katika kura za maoni za chama hakuwa na mpinzani. Habari ya kwa nini hakuwa naye ndiyo inayonifundisha mengi kuliko yote, na ni habari ya Alice Palmer.

Palmer alikuwa msomi wa elimu, mwenye shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Northwestern, na mtu aliyeheshimiwa mitaani kabla ya kuingia siasa. Aliteuliwa Juni 1991. Mwaka 1992 wananchi walimchagua kwa muhula wa miaka minne, na kama angetulia pale rekodi yake ingesomeka vizuri kama ya wateule wengi: aliteuliwa, akachaguliwa, akaendelea. Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Katika wilaya zinazoegemea chama kimoja kama ile, ushindi wa Novemba hauna maana kubwa. Uchaguzi wenyewe ni kura za maoni za chama, ambazo kwa kawaida hufanyika Machi. Mteuliwa hufika kwenye kura hizo akiwa tayari anaitwa seneta, ana ofisi, ana wafanyakazi, na jina lake limeshaandikwa kwenye barua zinazofika kila nyumba. Anayesoma jedwali la matokeo bila kulijua hilo atadhani ameona imani ya wananchi, kumbe ameona nguvu ya kiti.

Mwaka 1995 ukampa Palmer nafasi ya kujipima bila kiti. Mel Reynolds, mbunge wa Washington kutoka wilaya ya pili ya Illinois, alipatikana na hatia mahakamani akajiuzulu. Kwa viti vya Baraza la Wawakilishi la Marekani hakuna uteuzi. Katiba ya nchi inataka wananchi wapige kura. Palmer, aliyekuwa ametangaza kukigombea kiti hicho hata kabla ya hukumu, alimtaja Obama, wakili kijana aliyekuwa na umri wa miaka 34, kuwa ndiye anayemtaka aje kushika nafasi yake katika Seneti ya jimbo, na Septemba alisimama naye hadharani alipotangaza nia. Katika kura za maoni za tarehe 28 Novemba alishinda Jesse Jackson Jr., wa pili akawa Emil Jones, kiongozi mzoefu wa Seneti ya Illinois, na Palmer akawa wa tatu, akiambulia takriban sehemu moja ya kumi ya kura. Mtu yuleyule, sifa zilezile, miaka minne katika Seneti. Alipofika mahali ambapo kila mgombea alianzia chini sawa na wenzake, mizani ilisoma vingine. Sisemi hivi kumdharau, kwa maana alishindana na majina makubwa na muda ulikuwa mfupi. Nasema kwamba kwenye rekodi yake mimi naiamini kura ile ya mwaka 1995 zaidi ya ushindi wowote wa mwenye kiti.

Baada ya kushindwa, wafuasi wake walitaka arudi kukitetea kiti cha jimbo, na wakamwomba Obama ajiondoe. Alikataa, na fomu zake alishazirudisha tarehe 11 Desemba, siku ya kwanza. Palmer akarudisha za kwake tarehe 18, siku ya mwisho, zikiwa na saini 1,580 zilizokusanywa kwa haraka. Zilizotakiwa zilikuwa 757, kwa hiyo kwa macho alikuwa na mara mbili ya kiwango. Obama akaweka pingamizi. Saini zilipokaguliwa moja moja, karibu theluthi mbili zilikataliwa: wengine hawakuwa wakazi wa wilaya ile, wengine hawakuwa kwenye daftari la wapiga kura, wengine waliandika jina kwa herufi zilizotengana badala ya kutia saini. Muda mfupi kabla ya hapo daftari la wilaya ile lilikuwa limesafishwa na majina zaidi ya 15,000 yakaondolewa. Katikati ya Januari 1996 Palmer alijitoa. Wagombea wengine watatu waliondolewa kwa njia hiyohiyo, na Machi Obama akapita kura za maoni bila kupingwa. Novemba akapata kama asilimia 82.

Waliokulia Tanzania hawahitaji kuelezwa maana ya kuenguliwa wala ya kupita bila kupingwa. Tofauti ni kwamba kwetu mgombea ubunge hutafutiwa wadhamini 25, kazi ya alasiri moja mkiwa na mtu anayeujua mtaa, na hapa idadi inatisha: siku hizi Seneti ya Illinois inataka saini zisizopungua 1,000 na Baraza la Wawakilishi 500, zikusanywe ndani ya siku 90. Nami nilipata somo lake nikitembea. Msimu wangu wa kwanza nilimkusanyia saini mgombea mmoja aliyetaka kumpinga mbunge wa kuteuliwa. Nilisimama nje ya duka la vyakula Jumamosi nne, mikono imekufa ganzi, nikarudi na saini 140 nikijiona shujaa. Aliyekuwa akizihakiki, dada mmoja mpole aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, alizipitia jioni moja kwa kalamu nyekundu akaniachia 61.

Makosa yalikuwa ya kawaida mno. Watu wanaonunua vyakula dukani hawaishi wote karibu na duka, na mpaka wa wilaya ulipita barabara ya pili kutoka pale niliposimama. Wengine walikuwa wamehama na hawakubadilisha anwani kwenye daftari. Waliandika wanakoishi sasa, na daftari likasema wanaishi kwingine. Waswahili wenzangu wawili, ambao niliwabembeleza kwa Kiswahili hadi wakacheka, walikuwa bado na kadi ya ukaazi tu, hawakuwa raia, na haikunipitia akilini kuwauliza. Kwa hilo nawasihi kwa dhati: asiye raia asijiandikishe kupiga kura wala asitie saini fomu ya mgombea, hata akiombwa na mtu wa kwao anayemheshimu, kwa sababu madhara yake yanaweza kumfuata kwenye maombi ya uraia. Na ndoa moja nzima, mume na mke, nilimruhusu mume atie saini zote mbili. Kalamu nyekundu ilizifuta zote mbili.

Mgombea wetu aliwekewa pingamizi, akapungukiwa, akajitoa. Mbunge wa kuteuliwa akapita peke yake. Miaka miwili baadaye kipeperushi kilisema alichaguliwa kwa kishindo, na kwa hesabu ya karatasi hakikusema uongo. Kwa hiyo ukiona asilimia 100, au asilimia kubwa katika kura za maoni, usiishie hapo. Tafuta kwenye kumbukumbu za pingamizi ni wangapi walirudisha fomu, wangapi walipingwa, na wangapi walibaki. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwa umma, na mtu mwenye subira huzipata bila kumlipa wakili. Mimi humheshimu zaidi mteuliwa aliyeshinda kwa asilimia 54 dhidi ya watu wawili waliokuwa na uwezo kuliko aliyepita bila kupingwa mara tatu.

Baada ya kura, angalia kazi, na hapo pia kalenda ina mambo yake. Kikao cha kawaida cha Springfield huanza Januari, na mwisho wake uliozoeleka ni tarehe 31 Mei, kwa sababu muswada unaopitishwa baada ya hapo unahitaji sehemu tatu kati ya tano za kura ili uanze kutumika mapema. Vuli hurudi kwa siku chache kushughulikia yaliyokataliwa na gavana. Anayeapishwa Juni na kuomba kura Novemba anaweza kuwa hajapiga kura yoyote yenye uzito, naye huzungumzia "kuhudumia" kwa sababu hana kingine cha kuzungumzia. Mwingine huorodhesha miswada ambayo kwa kweli iliachwa na mtangulizi wake, ikabadilishwa tu jina la mbunge anayeiwasilisha. Angalia tarehe muswada ulipowasilishwa. Ikiwa ni kabla ya kuapishwa kwake, shukrani mpe aliyetangulia.

Lakini haki itendeke pande zote. Raoul aliteuliwa, na ndiye aliyeusimamia katika Seneti muswada wa kufuta adhabu ya kifo Illinois, ambao gavana aliutia saini Machi 2011. Peters aliteuliwa, na alikuwa miongoni mwa waliosukuma kufutwa kwa dhamana ya fedha taslimu, sheria iliyoanza kutumika Septemba 2023 na kuifanya Illinois kuwa jimbo la kwanza kuiondoa kabisa. Unaweza kuipenda au kuichukia, lakini si kazi ya mtu wa kukaimu. Kuteuliwa hakumfanyi mtu kuwa kiraka. Ninachokataa ni kuhesabiwa kwamba nilimchagua wakati sikumchagua.

Kwa wanaoweza, nashauri wahudhurie kikao cha uteuzi chenyewe. Nilichohudhuria kilitangazwa siku chache kabla, katika ukumbi wenye viti vya kukunja na birika la kahawa lisilokuwa na moto. Waombaji watano walipewa dakika chache kila mmoja. Wajumbe waliuliza juu ya uaminifu kwa chama na uwezo wa kuchangisha fedha. Swali la shule liliulizwa na mama mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa mjumbe, na mwenyekiti alimruhusu kwa adabu. Matokeo yalisomwa kwa uzito wa kura, tarakimu ndefu ambazo hakuna aliyezifafanua. Niliandika tarakimu zile kwenye daftari langu pamoja na majina ya kata, na mpaka leo ndizo ninazozifungua kila mbunge yule anapozungumza juu ya wananchi waliomtuma.

Oktoba iliyopita alinipigia mama mmoja wa Uvira, raia mpya, anayepiga kura kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kipeperushi mkononi. Nikamwomba anisomee kila kilichoandikwa, hata maandishi madogo ya chini, akasoma taratibu: picha na watoto wa shule, picha na wazee, ahadi ya kuendeleza kazi. Tarehe haikuwapo. Nikaitafuta nikiwa naye kwenye simu, tukakuta aliapishwa wiki tatu baada ya kikao cha majira ya kuchipua kufungwa. Akaniuliza anashindana na nani. Nikamjibu kwamba kwenye karatasi hakuna jina jingine. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama akikiacha kile kisanduku bila alama na kujaza vingine, kura yake yote itaharibika. Nikamwambia haiharibiki, vingine vitahesabiwa kama kawaida, na mashine ikimuuliza kama ameacha mahali kwa kusahau, ajibu kwamba hakusahau.